Kwa binti wa kaka yangu, Tukuyu: kabla hujachagua chuo

Mwanangu,

Baba yako ameniandikia kwamba umepokelewa na vyuo viwili vya huku Marekani, kimoja cha binafsi kule Boston kilichokupunguzia nusu ya ada, na kingine cha serikali hapa Ohio ambacho hakikukupa msaada wowote ila gharama zake ni nafuu kidogo, na kwamba ukoo mzima unasubiri shangazi aseme ni kipi kitakachokufanya daktari mapema. Nasikia hata kanisani imeshatangazwa kuwa unakwenda kusomea udaktari. Hapana. Unakwenda kusoma shahada ya kwanza ya miaka minne, ndipo ufanye mtihani uitwao MCAT na kuomba shule ya udaktari, ambayo ni miaka minne mingine, na baada yake mafunzo ya hospitalini ya miaka mitatu hadi saba.

Hayo ya miaka yanavumilika. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna aliyekueleza habari za makaratasi. Fungua ukurasa wa udahili wa shule yoyote ya udaktari ya huku, pita picha za vijana waliovaa makoti meupe, shuka chini kabisa, na mara nyingi utakuta sentensi moja fupi: mwombaji awe raia au mkazi wa kudumu. Wewe utakuwa na viza ya mwanafunzi. Shule za serikali hupendelea wenyeji wa jimbo lao, mikopo ya serikali kuu haikuhusu, na baadhi ya zile chache za binafsi zinazopokea wageni hudai uoneshe, au uweke benki kabisa, ada ya miaka yote minne kabla hujaingia darasani. Namfahamu kijana wa Makambako aliyefaulu MCAT vizuri sana. Leo anaosha vyombo vya maabara, na mama yake bado anawaambia majirani kuwa mwanawe ni daktari Marekani.

Kuhusu hivyo vyuo viwili, jina kubwa lisikubabaishe, kwa sababu wastani wa alama zako utatazamwa kabla ya jina la chuo, na deni la Boston halitakungoja umalize. Njoo Ohio, utakaa kwangu na ugali hautakosekana. Ingawa, kusema kweli, Boston imejaa hospitali kubwa na maabara za utafiti, na huko ndiko mwanafunzi anakopata uzoefu ambao shule za udaktari huutaka. Lakini nusu ya ada iliyobaki italipwa na nani? Kwa viza yako utaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo, na nyumbani wataanza kukuomba pesa kabla hujanunua koti la baridi.

Najua utasema shangazi anafunga mlango akiwa ameshaingia. Ni kweli kwamba bati la nyumba ya bibi yako limetokana na pesa za huku, nami sioni haya kusema kwamba nilizipata kwa kuogesha wazee usiku.

Ungekuwa wangu wa kumzaa, ningekwambia fanya mitihani yako ya kidato cha sita, uombe udaktari Mbeya, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka mitano na mwaka mmoja wa utarajali, na mkopo unaweza kuuomba. Huku utakuja baadaye, ukiwa daktari tayari, kwa mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya huku, ambayo nayo si lelemama.

Ukiamua kuja hata hivyo, nijulishe kabla ya tarehe 1 Mei, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kuvijibu vyuo. Nitakwenda mwenyewe kuwauliza hawa wa Ohio ni wanafunzi wangapi wenye viza kama yako waliowahi kuingia shule ya udaktari. Wa Boston waandikie wewe, na wakikupa hesabu ya wanafunzi wao wote kwa jumla, waulize tena.