Jiki Si Dawa ya Kila Doa: Maswali Yenu Kuhusu Pevingi na Kabro (Matofali ya Zege ya Kutandika Chini)

*Shikamooni. Viti vya chuma vimeacha duara za rangi ya machungwa kwenye pevingi za barazani. Nimemwaga jiki mara tatu na kusugua kwa brashi ya waya, madoa ndiyo kwanza yanakolea. Nakosea wapi?*
Binti wa Tabata, Dar es Salaam

Marahaba, binti yetu. Jiki hufubaza rangi zinazotokana na mimea na viumbe, kama ukungu, majani na matunda. Madoa yako ni ya kutu. Kutu ni chuma kilicholiwa na hewa na maji, na jiki huzidi kukila. Brashi ya waya nayo inakatika ncha. Vijisindano vya chuma hubaki ndani ya vitundu vya zege, na mvua ikinyesha kila kimoja kinatoa kidoa chake kipya. Itupe hiyo brashi, nunua ya nailoni ngumu.

Kabla ya lolote, suuza jiki yote kwa maji mengi, kisha uache pakauke siku nzima. Hatua hii usiiruke, tafadhali. Dawa ya kutu ni asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu. Hata ndimu na siki zimo katika onyo hili.

Doa likiwa changa, kamulia ndimu, acha dakika 10, sugua, suuza. La zamani linataka asidi ya oksaliki, chembechembe nyeupe zinazouzwa maduka ya kemikali. Yeyusha gramu 100 katika lita 1 ya maji ya moto, ndani ya ndoo ya plastiki. Vaa glavu na miwani, na watoto na kuku wasisogee, kwa sababu ni sumu. Paka juu ya doa, ongeza kila inapoanza kukauka, na baada ya saa 2 hadi 3 sugua na usuuze kwa maji mengi. Anza na kipande cha pembeni kisichoonekana: asidi yoyote hula simenti kidogo, na pevingi ya rangi inaweza kupauka. Halafu vivishe viti soli za mpira miguuni, la sivyo mwezi ujao utatuandikia tena.

*Gari la mume wangu linavuja oili, na kabro za getini zina doa jeusi la upana wa sinia. Jirani anasema nimwage petroli. Ni sawa?*
Mama wa Kisauni, Mombasa

Si sawa, mama. Petroli, dizeli na mafuta ya taa huifanya oili iwe nyepesi, na oili nyepesi hushuka chini zaidi. Utaona doa limefifia, kumbe limepanuka kwa ndani, na jua likipiga linapanda tena. Hatari ya moto tunadhani unaijua.

Oili mbichi haifutwi kwa tambara, maana kufuta ni kuisambaza. Mwagia vumbi la mbao, majivu makavu au mchanga mkavu hadi doa lisionekane, likandamize kwa soli ya kiatu kikuukuu, liache mpaka asubuhi, kisha fagia. Ukiona vumbi limelowa, rudia kwa jipya. Uchafu huo utie kwenye mfuko wa taka uutupe. Usiusukumie mtaroni.

Doa lako ni la zamani, kwa hiyo linahitaji kubandikwa dawa kama jipu. Chukua magadi, yale yale ya kulainishia maharage, yaponde, uyeyushe gramu 100 katika lita 1 ya maji ya moto pamoja na kijiko kimoja cha sabuni ya kuoshea vyombo. Mimina nusu ya maji hayo juu ya doa, sugua kwa nguvu dakika 5, kisha kausha povu jeusi kwa matambara. Nusu iliyobaki changanya na unga mkavu unaonyonya: udongo mweupe wa kaolini ukiupata, poda ya mtoto, au vumbi laini la mbao. Uwe mzito kama ugali wa mgonjwa. Paka unene wa sentimita 1, ukivuka ukingo wa doa kwa vidole viwili, funika kwa nailoni na uigandamize kwa mawe pembeni.

Kesho yake ondoa nailoni, lakini dawa usiikwangue. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wakati imefunikwa inalegeza oili. Inapokauka wazi ndipo inapoivuta juu, kama utambi unavyovuta mafuta. Ikikauka itapasuka na kuwa na rangi ya kahawia. Ikwangue kwa kipande cha mbao, suuza. Doa la miaka hutaka kurudiwa mara 2 au 3, na kivuli chepesi kinaweza kubaki.

Kivuli hicho kikikukera, kumbuka kwamba kabro zilizolazwa juu ya mchanga hung'oka. Ingiza bisibisi mbili bapa pande mbili za tofali, litikise, ulinyanyue, ubadilishane na lililofichwa chini ya chungu cha maua. Kuligeuza chini juu hakusaidii kila mara, kwa kuwa mengi yana rangi upande mmoja tu. Na gari lipelekwe kwa fundi kwanza, mama, kabla hujaponda magadi.

*Mzambarau wetu unadondosha matunda sakafuni. Nikipiga sabuni ya unga, doa la zambarau linageuka bluu iliyoiva. Nimeliharibu?*
Msomaji wa Tanga

Hapana. Rangi ya zambarau hubadilika kwa asidi na magadi: kwenye ndimu huwa nyekundu, kwenye sabuni ya unga huwa bluu. Suuza sabuni, kisha hapa ndipo jiki inapofaa: kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji, jioni jua likishapoa, dakika 15, sugua, suuza. Mizizi ya maua yaliyo karibu ilowesheni maji kwanza. Matunda yafagieni kila siku kabla hayajakanyagwa.

*Pevingi zetu mpya zimetoka unga mweupe. Fundi anataka kuziosha kwa asidi kali. Tumruhusu?*
Baba na mama wa Bagamoyo

Msimruhusu bado. Mara nyingi ni chokaa ya simenti, iliyopandishwa juu na unyevu na kukutana na hewa. Pigeni brashi kavu, mzoe unga kwa kizoleo. Mkiumwagia maji, sehemu yake inayeyuka na kuzama tena. Kwa kawaida hupungua yenyewe ndani ya miezi kadhaa ya mvua na jua. Asidi kali ingekula uso wa zege na kuacha kokoto wazi, na uso uliochubuka hunasa uchafu kuliko mwanzo.

Unga ukiendelea kurudi baada ya mwaka, tafuteni maji yanakotoka: bomba linalovuja, mteremko unaorudisha maji ukutani, au mchanga wa bahari uliotandikwa chini. Huo wa bahari una chumvi yake, na hapo dawa ni kung'oa pevingi na kutandika mchanga wa mto.