Akikwambia watoto utawaacha

Mdogo wangu, umeuliza kama uvumilie mpaka wa mwisho aanze shule, kwa kuwa mumeo ameapa kwamba ukiondoka utaondoka peke yako. Tishio hilohilo lilinikalisha mimi miaka minne.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, ila mahakama ikiona sababu ya kinyume. Wako ana miaka 4, mwingine miezi 8. Na sheria hiyohiyo inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Hakuna.

Unasema akianza kukupiga watoto huwa wamelala. Na mimi nilidhani hivyo, hadi usiku nilipomkuta mkubwa wangu uvunguni, kiganja kimeziba mdomo wa mdogo wake asilie.

Usimwage siri ya kuondoka, hata mkigombana. Mke anapotaka kuondoka ndipo wengi huzidisha ukatili. Kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa, nauli: vitoe kidogokidogo. Vyangu vilikaa kwenye ndoo ya unga kwa jirani (mama mmoja mkali, Mungu amjalie).

Akikupiga tena, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, uchukue PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), utibiwe na majeraha yaandikwe. Wakikwambia mkayamalize nyumbani, mwone afisa ustawi wa jamii. Kwa mambo ya watoto piga 116, ni bure.

Ukimaliza kusoma, futa. Simu yako anaishika.