Dada, pilau hiyo iache hukohuko

Dada, usipike! Nimesoma swali lako mara mbili nikatoka jasho. Umefika Leicester, huku Uingereza, miezi miwili iliyopita, upweke unakumaliza, Jumamosi unaanza kujitolea kwenye jiko linalogawa chakula bure, na "ili wanizoee haraka" unataka upike pilau nyumbani Ijumaa usiku uwapelekee. Mimi nilishafanya hivyo. Mji huohuo, pilau hiyohiyo.

Aliyeniponza ni kaka mmoja wa kwenye grupu letu la WhatsApp, mtaalamu wa kila kitu kuanzia visa hadi nguvu za kiume. Akaandika: "Wapikie pilau tu, wiki moja wote washkaji zako." Baadaye nikaja kujua kuwa hajawahi kukanyaga jiko la watu, siku saba za wiki anakula kuku wa kukaanga wa dukani. Mungu anamwona.

Basi nikapika kilo tano za mchele saa tano usiku, nikafunika kwa blanketi kama tunavyofanya kwenye shughuli, nikalala usingizi wa pono. Saa nne asubuhi nashuka kwenye teksi na sufuria mbili, meno yote nje. Msimamizi, mama wa Kizungu mpole kabisa, akafunua, akachomeka kipimajoto. Namba ile siisahau: nyuzi 31. Akauliza imepikwa lini. Jana. Akauliza ndani kuna nini. Nikamjibu kwa kujiamini: "Viungo."

Viungo, dada! Huku sheria inataja vitu 14 vinavyodhuru wenye mzio, na lazima useme kipi kimo kwenye chakula. Kidonge cha supu nilichotumbukiza kilikuwa na selari, ile mboga ya kutia harufu, nayo imo kwenye hivyo 14. Ila balaa lenyewe ni wali. Kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu zinaamka, zinatoa sumu, na sumu hiyo upashe usipashe haitoki. Ndiyo maana chakula cha moto kinatakiwa kikae nyuzi 63 kwenda juu, la sivyo kipozwe haraka kiingie kwenye friji. Blanketi langu la maua lilikuwa limewalea wale bakteria usiku kucha kama vichanga.

Sufuria zote mbili zikaenda kwenye mfuko mweusi wa taka, na mimi ndiye niliyeombwa kushika mdomo wa mfuko. Pilau ikatoka na umbo la sufuria, bwa! Halafu nyama ilikuwa ya ng'ombe. Leicester! Mji wenye Wahindu kila kona! Hata ingekuwa salama, nusu ya meza wangeniangalia tu.

Pesa niliisahau mapema. Nilichopoteza ni wiki kumi nzima za kujificha. Ilikuwa Novemba, saa kumi jioni giza linaanza kuingia, natoka kazini naingia chumbani naongea na jagi la umeme. Hakuna aliyenifukuza wala kunisema. Aibu yangu tu.

Niliporudi niliomba sinki. Sasa nisikilize: anzia kwenye sinki, siku ileile, kila wiki, na mwiko usiuguse mpaka uambiwe. Kwetu nani hufika msibani kwa watu asiowajua akashika mwiko? Unaosha vyombo, unamenya vitunguu, watu wanakusoma. Sijui kwa nini nilidhani ukivuka bahari adabu hiyo inaisha. Mpishi yuko peke yake na moto wake, hataki maneno. Kwenye sinki mko wawili, mmoja anaosha mwingine anafuta, saa mbili nzima mtanyamaza mpaka lini?

Alhamisi yangu ya tatu maji yakaniunguza, nikaropoka, "Mama yangu we!" Bibi wa Kihindi aliyekuwa anafuta trei pembeni akaacha kitambaa. "Wewe mtu ya wapi?" Kiswahili cha Kampala. Alikuja 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, na anapenda kusimulia kuwa halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije mji huu. Wakaja! Anacheka mpaka anashika sinki. Siku hizi ananiita "mtoto", ananifungia chapati kwenye foili, na anatafuta mchumba wa kuniozesha, hapo tu ndipo tunapogombana.

Pilau? Nilikuja kupika, baada ya miezi mitano, palepale jikoni, ya mboga, na kipimajoto mfukoni kama daktari.

Uliuliza pia kuhusu cheti. Kuosha trei sikuulizwa cheti. Kile cha usafi wa chakula daraja la 2 unakisomea mtandaoni kwa saa chache, nilikifanya walipotaka nipike. Kulikuwa na swali la viatu na jingine la nauli, nitarudi baadaye kuyajibu. Leo Alhamisi, na bibi akinikuta sijafika ananipigia mwenyewe.