Maswali yenu ya isotopi: namba ya samaki peke yake haitoshi

Safari hii maswali ni mengi na mengi yanafanana, yaani mtu ana namba ya samaki mkononi (kipimo cha isotopi: uwiano wa atomi nzito kwa nyepesi za kaboni au nitrojeni mwilini mwake, ukilinganishwa na kipimo cha kimataifa; namba ikiwa chini zaidi, nzito ni kidogo), hana namba ya chochote ambacho huyo samaki angeweza kula, afu anataka nimwambie samaki alikula nini. Nimechagua saba. Mengine nimejibu kwa kifupi kwa sababu nishayajibu sana.

Hizi isotopi si mionzi? Wavuvi wetu wanaogopa. (Msomaji, Kilwa)

Sio mionzi. Kaboni-13 imezidi kaboni-12 kwa nyutroni moja tu, haiozi, haitoi chochote, na katika kila atomi 100 za kaboni mwilini mwako moja hivi ni hiyo, tangu ulipozaliwa. Yenye mionzi ni kaboni-14, ile ya kupimia umri. Naomba swali hili lisirudi.

Kamba wangu wa Ghuba ya Gazi wametoka -18, majani ya mikoko -28. Nitumie fomula gani kupata asilimia ya mikoko kwenye chakula chao? (Mwanafunzi wa uzamili, Mombasa)

Hakuna fomula, kwa sababu una chanzo kimoja tu. Nyasi bahari pale zinacheza kwenye -10 na kitu, mwani mdogo unaoelea majini uko karibu na -20. Sasa piga hesabu mwenyewe: nusu mikoko nusu nyasi bahari ni -19, ongeza moja ya kupanda ngazi kwenye mlolongo wa chakula (kaboni ya mlaji hupanda kama moja juu ya chakula chake) unapata -18. Na kamba ambaye hajagusa jani la mkoko maisha yake yote, anaishi kwa mwani tu, naye anafika -19 hivi, karibu palepale. Namba moja, hadithi mbili, na wewe ulishaamua hadithi kabla hujaenda kuchota sampuli.

Hili linaniuma kwa sababu kila mwaka nasoma ripoti inayosema mikoko ndiyo inayolisha samaki wa pwani nzima, na ushahidi wenyewe ni picha ya mikoko na picha ya samaki. Gazi hiyo hiyo imefanyiwa kazi tangu miaka ya 90, na utafiti uliotoka 1994 ulionyesha kaboni ya mikoko inatoka kweli na maji yakikupwa, ila sehemu kubwa inanaswa kwenye nyasi bahari jirani, kwenye miamba ya matumbawe haifiki kwa kiasi cha maana. Tena watafiti waliofuata wakaona kaboni ya nyasi bahari nayo inaingia ndani ya mikoko. Njia ni ya kwenda na kurudi.

Na mtu asinisome vibaya akaenda kukata mikoko! Mikoko inaficha samaki wachanga, inazuia mmomonyoko, na matope yake yanafungia kaboni kwa muda mrefu, ndio maana Mikoko Pamoja, mradi wa jamii wa kutunza mikoko pale Gazi, wanauza hewa ukaa na pesa inaingia kijijini. Sababu za kuilinda zipo tele, haihitaji sababu ya uongo. Rudi ukachote nyasi bahari, mwani na matope, sehemu ileile, msimu uleule, na kama mfuko unaruhusu ongeza salfa-34 (isotopi nzito ya salfa), inasaidia sana pale kaboni inapogongana.

Sato wangu nitrojeni-15 ni 9, sangara ni 7. Ina maana sato yuko juu ya sangara? (Msomaji, Mwanza)

Hapana, ina maana umewavua sehemu tofauti. Ile 3.4 mnayoikariri, yaani nitrojeni-15 ya mlaji kupanda kiasi hicho juu ya anachokula, ni wastani, na inahesabiwa kuanzia chini. Pale ghubani maji taka yanaingia, nitrojeni nyepesi inapotea kama hewa inabaki nzito, kila kiumbe hapo kinaanzia juu. Kule ambako mwani wa kijani-bluu umetanda unavuta nitrojeni ya hewani, wote wanaanzia karibu na sifuri. Chukua konokono na kome wa kila kituo, konokono anakupa msingi wa mawe na ufukwe, kome anakupa msingi wa maji ya wazi, wanaishi muda mrefu na hawahami. Toa namba yao kwanza, ndio uanze kupanga nani anamla nani.

Nimehifadhi samaki 80 kwenye formalini, kuna tatizo? (Msomaji, Tanga)

Lipo. Formalini nayo ni kaboni, inaingia kwenye nyama na kusogeza namba. Barafu, kisha kausha kwenye oveni nyuzi 60. Samaki mwenye mafuta mengi toa mafuta au rekebisha kwa hesabu, maana mafuta yana kaboni-13 kidogo na yatakudanganya (uwiano wa kaboni kwa nitrojeni ukizidi 3.5 shtuka). Kamba na kaa wenye chokaa gawa mara mbili, sehemu ya kaboni itie asidi, ya nitrojeni usiitie.

Mto Mara, nani analisha samaki zaidi, viboko au nyumbu? (Msomaji, Musoma)

Swali zuri kuliko yote. Kiboko anakula nyasi usiku nchi kavu, mchana anashinda majini na kunya humo humo, ni kama gari la mizigo la kaboni. Nyumbu nao wanazama wakivuka: utafiti uliochapishwa 2017 ulipata wastani wa mizoga kama 6,250 kwa mwaka, karibu tani 1,100 za nyama na mifupa. Isotopi za samaki zikaonyesha mizoga ikiwepo inatoa kati ya 34 na 50 kwa mia ya kile samaki wa kawaida walichojengea mwili, na miezi baadaye nyama imeisha bado utando unaoota juu ya mifupa unawalisha, hadi karibu robo.

Ila tega sikio hapa. Nyasi za mbugani ni za C4 (kundi la mimea yenye kaboni-13 nyingi kuliko miti), -12 hivi, na kiboko, nyumbu na ng'ombe wa wafugaji wote wanakula hizo hizo. Kaboni-13 itakwambia nyasi za nchi kavu zimeingia mtoni, haitakwambia zimeingia kwa mlango upi. Wale watafiti waliweza kwa sababu walihesabu mizoga kwa macho, walikaa mtoni msimu kwa msimu, wakapima samaki mizoga ikiwepo na isipokuwepo. Na nyama ya samaki inabadilika taratibu, wiki hadi miezi, kwahiyo ukivua siku ya leo unasoma mlo wa zamani.

Ni kweli isotopi zimethibitisha joto ndio limemaliza dagaa wa Tanganyika? (Msomaji, Kigoma)

Zimethibitisha ni neno kubwa. Utafiti wa 2003 ulisoma kaboni-13 kwenye matope ya chini ya ziwa, ikaonekana uzalishaji wa mwani umeshuka kama 20 kwa mia, na kutokana na hapo wakakadiria samaki kushuka kama 30. Sababu waliyotoa ina mantiki, maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, virutubisho vinabaki kilindini. Lakini utafiti huo haukupima dagaa kwenye matope, na nyavu zenye macho madogo haziachi alama ya kaboni. Nimesikia watu wanatumia utafiti huu kukataa kudhibiti uvuvi, hilo sikubaliani nalo kabisa, ziwa likizalisha kidogo ndio linatakiwa livuliwe kidogo.

Mbolea niliyoweka kwenye mahindi inaenda wapi, na maabara wanataka gramu ngapi? (Afisa ugani, Morogoro)

Tumia mbolea iliyoongezwa nitrojeni-15, kwenye kipande kidogo cha shamba, kisha pima punje, mabua na udongo, na usishangae ukikuta mahindi yamechukua chini ya nusu. Gramu hawataki, wanataka miligramu, mimea kama 2 hadi 3 kwenye kikopo cha bati. Ila waambie mapema kwamba sampuli zako zimeongezwa, andika hivyo juu ya kila kichupa, na usizisage kwenye mashine ya wenzako wanaopima samaki, vumbi lako kidogo tu linaharibu kazi yao ya mwaka mzima.