Madogo wa ofisi za besiboli, someni hii kabla ya Novemba

Juzi dogo mmoja kaulizwa na GM (meneja mkuu, bosi wa kusajili wachezaji) swali jepesi tu, "huyu bado ana opsheni?", yaani bado tunaweza kumshusha ligi ndogo bila kumpoteza, akafungua laptop akaanza kuonyesha grafu za mzunguko wa mpira. Grafu nzuri, rangi rangi kabisa. Jibu hakuwa nalo, na huko chini meneja wa uwanjani anasubiri kuambiwa nani anapanda kutoka Triple-A, ligi ndogo ya juu kabisa. Jamani nawapenda ila mnanizeesha.

1. Opsheni ni misimu mitatu, na tangu 2022 humshushi mtu zaidi ya mara tano kwa msimu. Ikae kichwani.

2. Ukishamweka mtu DFA, yaani umemtoa kwenye rosta ya 40 (orodha ya wachezaji 40 ambao timu imewalinda), una siku saba kuamua hatima yake, kwa hiyo simu zianze siku ya kwanza, sio ya sita.

3. Drafti ya Kanuni ya 5, ile ya Desemba ambapo timu zinabeba wachezaji wa ligi ndogo ambao timu zao hazikuwalinda Novemba. Hesabu mnaijua, aliyesaini na miaka 18 kushuka misimu mitano, 19 kupanda misimu minne, baada ya hapo kama hayumo kwenye rosta ya 40 timu nyingine inambeba kwa dola 100,000. Mimi nilikuwa mgeni bado nikapewa kuandaa orodha ya vijana wetu wa ligi ndogo. Watoto wa akademi ya Jamhuri ya Dominika wengi husaini na 16, 17, basi nikawamwaga wote safu ya misimu mitano nikaenda kula. Kumbe kuna mrushaji mmoja wa kushoto alichelewa kusaini, alikuwa na 19, na tarehe yake ya kuzaliwa ipo palepale kwenye karatasi, sikuitazama. GM na wenzake wakabishana mpaka usiku nani alindwe, jina la huyu kijana halikutajwa hata mara moja. Tarehe ya mwisho ikapita, orodha ya ligi ya wanaoweza kubebwa ikatoka, namwona huyo hapo. Nikahesabu upya kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili. Minne.

Sasa hesabu kila mtu anakosea, ujinga wangu ni kwamba nilinyamaza nikimwomba Mungu huyo kijana asionekane na timu nyingine, wakati ningesema mapema pengine wangembadilisha na timu nyingine tukapata chochote. GM alijua pale timu moja ilipopiga simu kumuulizia. Hakufoka, aliuliza tu "wengine wangapi?" na sikuwa na jibu. Desemba ukumbini timu zinaita majina, nyingine pasi, pasi, halafu likaitwa la kwetu. Skauti aliyekuwa amemfuata kijana mpaka kwao alikuwa kakaa pembeni yangu, akakunja karatasi yake mara nne akaitia mfukoni akatoka. Kijana hakuweza kubaki rosta ya 26, kikosi cha ligi kuu cha timu iliyombeba, kwa hiyo Machi tukamrudisha kwa dola 50,000, ofisini ikawa utani. Yule skauti salamu yake niliipata msimu ukiwa umeshachanganya.

Na msiniambie ni drafti ya mabaki, Roberto Clemente, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, alibebwa hivyohivyo 1954, Dodgers walimwacha wazi, Pirates ya Branch Rickey ikamchukua, na Rickey huyohuyo ndiye aliyekuwa bosi Dodgers kabla.

4. Vyeo. Kim Ng aliingia timu ya White Sox 1990 kwa mafunzo kazini, kawa GM wa Marlins Novemba 2020. Nyie mna miezi mitatu tu kazini mnaniuliza njia ya kupanda cheo. Najua, najua, Theo Epstein alipewa u-GM wa Red Sox akiwa na miaka 28, kila dogo ananitajia Epstein, hakuna hata mmoja anayenitajia aliyebaki anachapa ripoti za skauti.

5. Wanaoniandikia kutoka nyumbani: ndiyo, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alifika ligi kuu 2017, na Dodgers wamesaini vijana wa Uganda, mlango upo. Mpwa wako anaangusha maembe kwa jiwe moja, nimesikia. Nitumie video iliyopigwa kutoka nyuma ya pleti, pale anaposimama mpigaji, kipima kasi kionekane, na muziki utoe.