Plagi "zimelika": zimeliwa na nani?

SWALI: Gari yangu ilikuwa inamisi nikaipeleka kwa fundi. Alipofungua plagi akasema, "Hizi zimelika, tubadilishe." Mimi nimezoea kusikia "zimekufa", na katika maandishi nakuta "zimechakaa". Je, chuma kinaliwa? Na tuseme kubadili au kubadilisha?

JIBU: Fundi wako amechagua neno bora kuliko hayo mengine mawili, na ningependa waandishi wetu walichukue kwake.

"Lika" ni kauli ya kutendeka ya kitenzi "la", kile cha kula. Uyoga unalika, yaani unafaa kuliwa. Lakini pia kisu hulika kwa kunolewa, soli hulika upande mmoja, na vidato vya ngazi ya mawe hulika katikati kwa nyayo za miaka mingi. Hapo hatumtafuti mlaji, tunatazama kilichopungua. Ukimtaka mlaji, tumia "liwa": mahindi yameliwa na ngedere. Kwa hiyo plagi zimelika, hazikuliwa na mtu.

Na hivyo ndivyo zinavyokwisha hasa. Plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini, na kila cheche inaporuka kwenye ncha zake huondoka na chembe ya chuma. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi kwa kawaida hutoa cheche 1,500 katika dakika hiyo hiyo. Kingo kali za ncha huviringika, na ule mwanya mdogo ambao mafundi huuita gepu, mara nyingi kama milimita moja au pungufu, hupanuka. Koili, kifaa kinachoipa plagi umeme, hulazimika kusukuma umeme mkali zaidi, mwishowe cheche nyingine hazitoki, na gari linamisi. Plagi yenye ncha ya iridiamu huchelewa sana kufika huko kuliko ya nikeli, kwa kuwa metali hiyo hulika polepole.

Jaribu kipimo hiki: "zimelika kidogo" ni Kiswahili safi, ila "zimekufa kidogo" haisemeki. Kufa hakuna nusu. Neno hilo liachie plagi isiyotoa cheche kabisa, kwa mfano iliyopasuka kauri yake nyeupe. "Zimechakaa" si kosa, lakini kuchakaa ni kwa kitu kizima, kama shati au kiti cha gari, na plagi yaweza kung'aa mwili wote huku ncha imekwisha. Tena kuna plagi zilizoshika masizi. Hizo hazijalika, pengine zikisafishwa zitafanya kazi, ingawa yafaa ujue masizi yametoka wapi. Tukiziita zote "mbovu", mwenye gari hajui anunue mpya au la.

Kuhusu swali la pili, "badili" peke yake inatosha kwa kutoa ya zamani na kuweka mpya: badili plagi, badili oili. "Badilisha" imezoeleka kwa maana hiyo hiyo, nami siikatai. Hata hivyo bado inabeba maana ya kupeana hiki kwa kile, kama tunavyobadilisha fedha, na gereji maana hiyo ina kazi. Fundi akisema, "Tubadilishe ya silinda ya kwanza na ya tatu," hajakuambia ununue kitu. Anazihamisha tu, aone kama kumisi kutaifuata ile plagi hadi silinda ya tatu.