Kumpiga kulungu dume mdogo siku za mwisho za msimu: mi nilimpiga na haya ndo yaliyonikuta

Mkuu umeuliza kama utaonekana wa ajabu ukitumia tagi yako (kile kibali cha kupiga kulungu mmoja) kwa dume mdogo wa ncha 4, yani pembe zake zote mbili zikihesabiwa zina ncha nne tu, badala ya kusubiri lile jizee la pembe pana, na wenzako wa kambi washaanza kukucheka kabla hata hujafyatua. Ngoja nikwambie yangu maana nimepitia humo humo. Naongelea hawa kulungu wa Marekani wa mkia mweupe, wengine siwajui.

Ule msimu nilikuwa nimebakiza siku mbili. Nimekaa kwenye dungu juu ya mti tangu giza, vidole vya miguu sivisikii tena, kila kindi akikanyaga majani makavu moyo unaruka nadhani ndo mwenyewe. Saa mbili na kitu hivi wakapita majike matatu, tagi yangu ilikuwa ya dume tu kwa hiyo nikawaangalia mpaka wakapotea. Dakika kumi baadae nasikia tena majani, safari hii hatua hazisimami, anakuja na pua chini kabisa ananusa njia waliyopita wale majike kama mtu aliyedondosha funguo. Nikatazama kichwa, pembe mbili nyembamba, kila moja imegawanyika mara moja, basi. Shingo nyembamba, tumbo limenyooka, miguu mirefu kuliko mwili. Huyo ni wa mwaka mmoja na nusu, ukishawaona kadhaa hukosei.

Sasa nilichofanya sawa (na ndo kitu pekee nilichofanya sawa siku hiyo) ni kwamba nilikuwa nimeshaamua usiku uliopita, dume yeyote halali akija ndani ya mita 80 nachukua, nataka nyama. Usiamue ukiwa umemshikilia kwenye darubini ya bunduki, pale akili haipo, mikono inatetemeka na utajikuta unampiga kwa sababu tu umechoka na baridi halafu ukishuka unajuta. Na hakikisha sheria ya jimbo lako kwanza. Pennsylvania kwa mfano wana kanuni ya idadi ya ncha tangu 2002, sehemu kubwa ya jimbo mtu mzima lazima aone angalau ncha 3 upande mmoja, kwa hiyo huyo wangu kule angekuwa kesi.

Nikampiga nyuma ya bega akiwa amesimama kanipa ubavu, akarusha miguu ya nyuma akakimbia mkia umeshuka. Mzee aliyenifundisha alikuwa ananiambia kila siku kaa nusu saa usishuke, mi nikakaa kama dakika kumi na tano nikashindwa. Nikakuta damu ya pinki ina povu, hiyo ni mapafu, nikafurahi nikaanza kutembea haraka haraka nikaikanyaga njia yenyewe, damu ikaisha kwenye kijito. Saa nzima nazunguka kama kuku mkuu, nimeanza kujilaani kabisa, yani kumjeruhi mnyama halafu asipatikane ndo aibu yenyewe, hayo mambo ya pembe ni utani wa watu waliokaa karibu na moto. Mwisho nikarudi kwenye tone la mwisho nikaweka kipande cha karatasi, nikaanza kutembea mizunguko midogo inayopanuka, kumbe alikuwa amelala chini ya gogo ng'ambo ya maji, hata hatua 30 hazifiki. Kama damu ingekuwa nyeusi au ina majani ya tumboni ungetakiwa usubiri masaa mengi sio nusu saa, hilo kumbuka.

Nikajaza tagi hapo hapo kabla ya kumvuta. Kupasua: kata ngozi ya tumbo ukiwa na vidole viwili chini ya kisu kikiangalia juu usitoboe matumbo, zungushia kisu njia ya haja, angalia usitoboe kibofu, halafu kata kiwambo kilichotenganisha kifua na tumbo, ingiza mkono mpaka juu ukate koo la hewa, vuta, vyote vinatoka pamoja. Fanya mapema maana joto la mwilini ndo linaloharibu nyama. Kule ilikuwa baridi nikamning'iniza siku kadhaa, ila kama hali ya hewa ni ya joto usijaribu, chuna ukate uweke kwenye barafu siku hiyo hiyo.

Alikuwa kilo 52 bila matumbo, nikapata kama kilo 22 za nyama safi isiyo na mfupa. Na laini! Ile sarara ya ndani ya mgongo nilikula siku ya kwanza, kisu kilikuwa cha mapambo tu. Jamaa yangu mmoja wa kambini alikuwa na kichwa cha dume mkubwa ukutani, nyama yake kila mwaka anasaga yote. Simcheki, nasema tu.

Hoja moja ya hao wanaokucheka ni ya kweli, pembe zinaanguka kila baridi zinaota upya, na huyo mdogo ukimwacha ale vizuri mpaka afike miaka 5 au 6 atakuwa mnyama mwingine kabisa. Pembe ndogo mwaka wa kwanza sio kwamba ana mbegu mbaya, mara nyingi kazaliwa amechelewa au chakula kilikuwa haba. Ila wanasahau kukwambia kwamba madume wa umri huo ndo wanahama mbali na walipozaliwa, kwa hiyo unayemwacha leo unaweza usimwone tena. Kama una shamba kubwa na majirani wote mnakubaliana kuwaacha, hapo waache kweli. Kama unawinda ardhi ya umma una wikiendi mbili tu kwa mwaka, sioni unamtunzia nani.

Mwaka uliofuata akapita mwingine wa aina hiyo hiyo siku ya kwanza asubuhi, bado nilikuwa na nyama, nikaweka bunduki mapajani nikamwangalia akijikuna kwenye kimti mpaka akaondoka. Msimu ule nikarudi mikono mitupu.

Zile pembe ndogo ninazo bado, natundikia funguo.